Rweya Si Ardhi Tupu: Mazungumzo ya Msimu wa Senene

     Watoto ambao hamjalala, sogeeni karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni yenu pia.

Leo sitazungumzia bei ya kahawa wala barabara. Nataka tutazame nje. Tutazame yale tunayoyapita kila siku tukienda shambani, kisimani, mwaloni au kanisani, tusiyojiuliza habari zake. Nitaanzia kwenye Ziwa Viktoria, nitapita kwenye kibanja, shamba letu la migomba, halafu nitamalizia kwenye rweya, nyasi za nje ya kijiji. Na huko kwenye rweya ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu huko ndiko kuna jambo linalonisumbua moyo.

Lakini kabla ya yote, nina swali. Huu ni mwezi wa Novemba. Hapa kwetu Bukoba ukitaja Novemba umetaja senene, na jirani zetu Waganda wameupa mwezi wenyewe jina hilo, wanauita Museenene. Sasa nawauliza: senene wanatoka wapi? Jana usiku hapakuwa na kitu, leo usiku taa zote za mtaa zimezungukwa na watu wenye ndoo, chupa na mifuko. Wametoka wapi? Wazee wetu wamelijibu swali hili kwa namna nyingi. Wapo wanaosema senene wanashuka na mvua. Wapo wanaosema wanavuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Likumbukeni swali hilo, tutalirudia.

Twende ziwani kwanza.

Nani kati yenu hajawahi kuuona ule moshi wa ziwani? Unasimama juu ya gema asubuhi, unatazama maji upande wa kisiwa cha Musira, unaona nguzo ya moshi mweusi inapanda kutoka katikati ya maji hadi mawinguni. Wakati mwingine ziko tatu, nne, zinainama pamoja na upepo. Mgeni akiiona hushtuka, hudhani kuna boti inaungua. Mwenyeji hashtuki. Anajua ule si moshi, ni wadudu. Ni vijidudu vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vimetoka majini kwa pamoja ili vipandane, vitage na kufa.

Upepo ukivileta nchi kavu vinajaa kwenye kuta, kwenye nywele, kwenye chai. Watu wanaviogopa, wanadhani ni mbu. Hapana, msiviogope. Vinafanana na mbu lakini haviumi, wala havinyonyi damu ya mtu. Sehemu kubwa ya maisha yao vimeiishi chini ya maji. Kiluwiluwi cha aina mojawapo ya wadudu hawa kina mwili unaopenywa na nuru, huwezi kukiona hata ukichota maji kwenye glasi usipotazama kwa makini. Mchana kinajificha kwenye tope la chini, samaki wasikione. Usiku kinapanda juu kuwinda wadudu wa majini walio wadogo kuliko chenyewe. Kila siku kinashuka na kupanda, mpaka siku yake ya kuota mabawa itakapofika.

Na siku hiyo inafika lini? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wadudu hao hutoka kwa wingi mwezi unapoandama, usiku ukiwa wa giza. Wako chini ya maji, kwenye tope, na bado wanafuata hesabu ya mwezi.

Tena yupo mdudu mwingine wa ziwa letu mwenye hesabu iliyo kinyume. Ni mdudu mwenye mabawa meupeupe, anayejaa kwenye taa za mialo jioni moja, na asubuhi unamfagia akiwa mfu. Mtoto wa mdudu huyu anaishi majini, anatoboa mbao na mabua ya mafunjo na kukaa humo ndani. Mafundi wa mitumbwi mnazijua mbao zilizotobolewatobolewa. Basi mdudu huyu yeye hungoja mwezi mpevu. Mtafiti mmoja aliyekuwa Uganda, Hartland-Rowe, aliandika habari zake mwaka 1955: alikuta kwamba hutoka kwa wingi siku ya pili hivi baada ya mwezi kujaa. Akishatoka anaishi saa moja au mbili tu. Ndani ya saa hizo atafute mwenzi, atage, afe. Angechelewa kwa usiku kadhaa asingemkuta mwenzake hata mmoja. Ndiyo maana hakosei.

Wavuvi wa dagaa mnacheka, nawasikia. Mnasema, huyu anatufundisha mwezi sisi? La, ninyi ndio walimu. Nyie ndio mnaosema "tunakwenda giza". Mwezi ukiwa mkubwa mnaanika nyavu na kupumzika, maana dagaa hawaijali taa yako wakati mbingu nzima ina mwanga. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, lakini kanuni ni ile ile. Kwa hiyo ziwani kuna kalenda. Nairudia: ziwani kuna kalenda, na anayeijua kalenda hiyo ndiye anayekula.

Tutoke majini sasa, tupande kijijini.

Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini mvua ya Bukoba inapenda alfajiri? Mtu wa Kisumu, ng'ambo ile ya ziwa, anaizoea mvua ya alasiri. Anafua asubuhi, nguo zinakauka, jioni ananyeshewa. Sisi huku tunaamshwa na radi saa kumi na moja, tunakwenda kazini na miavuli, na saa saba mchana jua linawaka. Ziwa ni lile lile moja. Kwa nini?

Sababu ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto la mchana. Upepo mwanana wa nchi kavu unatoka pande zote, kwetu, Mwanza, Kenya na Uganda, unakwenda kukutana juu ya maji. Zikishakutana pepo hizo hazina pa kwenda isipokuwa juu, nazo zinapanda na unyevu wote wa ziwa. Mawingu yanajengeka katikati ya usiku huko kwenye maji, na upepo wa mashariki unayasukuma kuja kwetu. Yanapofika yanakutana na magema na vilima vyetu, yanapanda zaidi, na hapo yanamwaga. Ndiyo maana Bukoba mjini kwa mwaka inapata mvua ya milimita 2,000 hivi, lakini ukisafiri kwenda ndani, kuelekea Karagwe, mvua inapungua karibu nusu.

Na mvua hiyo inaleta jambo jingine zuri kuliko yote ninayoyajua kwenye kibanja. Baada ya kiangazi, ile kyanda ya Juni hadi Agosti, mibuni ya robusta inasimama na vichipukizi vya maua vimefungwa, inangoja. Mvua ya maana inanyesha. Siku chache baadaye unaamka asubuhi, kijiji kizima kinanukia. Mibuni yote imechanua kwa pamoja, kwako na kwa jirani, nyeupe tupu chini ya migomba. Kwa nini yote kwa siku moja? Kwa sababu robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Inahitaji chavua ya mbuni mwingine. Mbuni uliochanua peke yake wiki moja kabla ya wenzake ungezaa nini? Upepo unasaidia, na nyuki wanasaidia sana. Sasa nijibuni: maua ya kahawa yanadumu siku chache tu. Nyuki hao miezi mingine wanakula nini? Wanaishi wapi?

Wengi wao wanakula maua ya porini, maua madogo ya rweya ambayo hatuyapi hata jina. Na hapo ndipo tumefika nilipotaka tufike.

Wasikilizaji, tuizungumze rweya.

Kwa yule anayetusikiliza akiwa mgeni hapa Kagera, nieleze kidogo. Vijiji vyetu vimekaa ndani ya migomba. Kila nyumba ina kibanja chake, migomba, kahawa, maharage, miti ya mishambya na ya matunda. Ukitoka nje ya migomba unakutana na nyasi wazi zinazokwenda hadi kijiji kingine. Hizo nyasi ndizo rweya. Udongo wake ni mwepesi, umechujwa na mvua kwa miaka mingi, haustahimili mgomba. Tangu zamani watu walichunga ng'ombe huko, wakalima misiri, yaani vishamba vya njugu mawe, kisha wakaiacha ipumzike, wakakata nyasi za kuezekea msonge, za kutandika sakafuni na za kufunika shina la mgomba. Nguvu ya kibanja, miaka mia kwa miaka mia, imetoka rweya ikiwa imebebwa kichwani na akina mama, au tumboni mwa ng'ombe ikawa samadi.

Na hata hivyo, tukisimama mbele ya rweya leo tunasema nini? Tunasema "hapa ni tupu". Mtu anatafuta kiwanja, anaambiwa nenda rweya, kuko tupu. Mwekezaji anatafuta eneo la kupanda miti, anaonyeshwa rweya, kuko tupu. Mimi neno hilo linaniuma. Nataka niwaonyeshe usiku huu kwamba rweya si tupu, na ushahidi wangu wa kwanza mnao jikoni, kwenye kikaango.

Kabla hujamnyonyoa senene mabawa, mshike vizuri karibu na taa umtazame. Watoto, fanyeni hivi leo. Tazameni vipapasio vyake: ni virefu na vyembamba sana. Nzige ana vipapasio vifupi na vinene. Kwa hiyo senene si nzige, ingawa watu wa mbali wanatuambia tunakula nzige. Tazama miguu yake ya mbele, chini kidogo ya goti. Utaona kijiufa kidogo. Hilo ni sikio. Senene anasikia kwa miguu! Na anasikia nini? Anasikia wimbo wa dume, maana madume huimba usiku kwa kusugua mabawa. Sasa geuza, tazama nyuma. Wengine wana kitu kirefu kilichonyooka mithili ya upanga. Hao ni majike. Huo upanga hauchomi mtu. Kazi yake ni kupenyeza mayai katikati ya ala ya jani na shina la nyasi.

Mmesikia? Katikati ya ala ya jani na shina la nyasi. Jibu la lile swali letu ndilo hilo. Senene hawashuki kutoka mbinguni. Wanatoka kwenye nyasi. Mayai yanaanguliwa kwenye nyasi, watoto wanakulia kwenye nyasi wakijibambua ngozi mara kadhaa, na chakula wanachokipenda sana ni masuke ya nyasi, mbegu zikiwa bado laini. Mvua ikinyesha vizuri, nyasi zikatoa masuke, senene wananenepa. Wa kijani na wa kahawia, na yule mmoja mmoja mwenye zambarau ambaye watoto hugombania, wote ni jamii moja, na wote wamelelewa na nyasi, ziwe za rweya yetu au za mbuga za mbali. Mwaka mzima wako humo, mmoja mmoja. Tunawaona wanaporuka tu.

Na wanaruka wakiwa na akiba. Mama anayekaanga senene haongezi mafuta, si ndiyo? Anaweka kitunguu na chumvi, mafuta yanatoka kwa senene mwenyewe. Yale mafuta ni akiba ya safari. Mtafiti McCrae, aliyewachunguza senene wa Uganda, aliandika mwaka 1982 kuhusu tabia za makundi haya, na jambo moja ninalotaka tulishike ni hili: senene walio kwenye kundi linaloruka huwa bado hawajaanza kutaga. Kwanza wanasafiri, kisha wanatua kwenye nyasi, ndipo wataanza kuzaa. Kwa hiyo kila debe la senene tunalolijaza usiku ni debe la wazazi ambao hawajazaa.

Mimi sisemi tuache kula. Ningewezaje kusema hivyo hapa Bukoba? Senene ni chakula, ni zawadi, ni ada ya watoto, ni kifurushi kinachompelekea ndugu aliye Dar es Salaam harufu ya nyumbani. Ninachosema ni kwamba namna ya kuwakamata imebadilika. Zamani akina mama na watoto waliamka alfajiri, wakaingia rweya na umande, wakawaokota senene kwa mkono wakiwa bado wamepooza kwa baridi. Waliokotwa wengi, lakini wengi zaidi walibaki. Na aliyeokota alijua nyasi. Alijua wanatua bonde lipi, suke lipi wanalipenda. Bibi mmoja niliyezungumza naye Kamachumu alinitajia aina za nyasi, moja baada ya nyingine, na senene anavyokaa kwenye kila mojawapo. Siku hizi tuna taa kali, mabati yaliyoegemezwa kwenye mapipa, na moshi. Senene wanakuja wenyewe. Mtoto wa leo anajua senene anatoka kwenye taa.

Sasa kama mtoto anajua senene anatoka kwenye taa, atajali nini rweya ikiisha?

Na inapungua. Piteni barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba mtazame kushoto na kulia. Mipaini, mikaratusi, mipaini tena. Naelewa. Mbao zinahitajika, nguzo zinahitajika, kijana anapanda ekari mbili akitegemea kusomesha watoto. Simlaumu. Lakini ingia ndani ya shamba la mipaini lililofunga, tazama chini. Majani makavu ya mipaini yametanda, hakuna nyasi. Na pasipo na nyasi hakuna ala ya jani, hakuna suke, hakuna senene. Upande mwingine kuna moto. Kila kyanda rweya inachomwa, mara nyingine yote kwa siku moja, kilima hadi kilima. Mayai yaliyo kwenye mashina yanaungua nayo.

Ushahidi wangu wa pili ni ndege. Yuko mbayuwayu mmoja wa rangi ya buluu iliyokolea, mwenye mkia wa manyoya mawili marefu. Huyu anazaliana kwenye nyasi za juu za kusini mwa nchi yetu, kule Kitulo, na katika nchi za kusini zaidi. Baridi ya huko ikianza, kuanzia Aprili hivi, anasafiri kuja kwenye nyasi za ukanda huu wa Ziwa Viktoria, pamoja na zile za upande wa Minziro na Sango Bay, akakaa hadi Septemba. Dunia nzima amebaki mchache, amo kwenye orodha ya ndege walio hatarini. Anaruka chini chini juu ya nyasi akikamata wadudu. Hahitaji msitu. Anahitaji nyasi wazi. Katika Afrika yote kubwa hii, sehemu mojawapo anayoitegemea ni hizi nyasi tunazoziita tupu. Mtaongeza na korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, anayetembea mabondeni kwetu wawili wawili na kucheza ngoma. Naye ni mtu wa nyasi na maji.

Halafu kumbukeni Kitulo yenyewe. Watu wa kule wanaiita Bustani ya Mungu. Ni nyasi na maua, hakuna tembo wa kupiga picha. Mwaka 2005 Tanzania ikaifanya hifadhi ya taifa, kwa ajili ya nyasi zake na maua yake. Kwa hiyo nchi yetu imekwisha kukubali kwamba nyasi zinaweza kuwa mali. Sijaomba rweya ya Kamachumu iwe hifadhi yenye geti na askari. Watu wanaishi hapa. Ninaomba jambo dogo zaidi: mkutano mkuu wa kijiji unapokaa kugawa maeneo, kabla ya kusema "kule kutupu", mtu mmoja asimame aulize ni sehemu ipi ya rweya tutaiacha na nyasi zake. Na ile sehemu isichomwe yote kwa mwaka mmoja. Choma upande huu mwaka huu, upande ule mwakani, senene na nyuki wapate pa kukimbilia. Wachungaji wazee wanalijua jambo hili kuliko mimi, waulizeni.

Na wakusanyaji wa senene, ndugu zangu wenye mapipa, nina ombi kwenu pia. Usiku ukiwa mkubwa, madebe yamejaa na wanunuzi wameshiba, zimeni taa. Senene anayekufa kwenye pipa asubuhi bila mnunuzi hamfaidishi mtu, na yeye angekuwa mzazi.

Sasa kwa walimu na wanafunzi. Chukueni daftari moja la shule. Andikeni tarehe senene walipoonekana mara ya kwanza na mwezi ulikuwa mchanga, mpevu au hakuna. Andikeni siku kahawa iliponukia, na mvua ya kabla yake ilinyesha lini. Moshi wa ziwani ulionekana lini. Fanyeni hivyo mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Mwulizeni bibi majina ya nyasi kwa Kihaya, myaandike yote, na kila jina mlibandikie nyasi yenyewe iliyokaushwa ndani ya daftari. Shule yenye daftari la namna hiyo ilete hapa studioni, tutalisoma hewani ukurasa kwa ukurasa.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutamzungumzia fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cha nyundo, anayejenga kiota kikubwa chenye paa ambacho mtu mzima hawezi kukikumbatia. Kwa nini anajenga viota vingi kuliko anavyovihitaji, na ni nani wanaohamia humo yeye akiondoka? Mwenye kiota cha fundichuma jirani na kwake akitazame juma hili, aone nani anaingia na nani anatoka, kisha atuandikie. Usiku mwema, Bukoba. Usiku mwema, Muleba.